Kiasi cha Baruti: Historia ya Kujaza Risasi kwa Mkono katika Bastola Kubwa za Marekani

0. Utangulizi

Msomaji akifungua kamusi za Kiswahili zilizotungwa mwishoni mwa karne ya 19, akatafuta jina la kile tunachokiita leo risasi nzima, yaani ganda lenye fataki, baruti na kichwa cha madini, atakuta humo neno kiasi: kiasi cha bunduki. Risasi lilikuwa kwanza jina la madini, yale mazito na laini yanayoyeyuka upesi motoni; kisha likawa jina la donge lililosubiwa kwayo. Lakini kitu kizima kinachoingia ndani ya bunduki kiliitwa kwa jina la kipimo. Waliosema hivyo walikuwa watu waliozoea kupima baruti kwa mkono, kuimimina mtutuni na kuishindilia kwa mdeki, nao walijua vema kwamba kati ya kipimo cha haba na kipimo cha kupita kiasi ipo nafasi ndogo ambamo mpigaji husalimika na shabaha hupatikana.

Makala haya yanaichukua maana hiyo ya kale na kuitumia kusomea historia isiyo yetu: ya bastola kubwa za Marekani tangu 1847 hadi mwanzo wa karne hii, na ya watu waliozitengenezea risasi kwa mikono yao wenyewe. Tunadai kwamba nguvu ya bastola hizo haikuamuliwa na kiwanda peke yake. Iliamuliwa aghalabu na mtu aliyekaa nyumbani kwake na mizani, kalibu na kopo la baruti. Na kila kiasi kilipoongezwa, gharama yake ililipwa mahali pawili, katika chuma cha silaha na katika mkono wa mpigaji.

Huenda mwenzetu akauliza bulletini ya taaluma ya Kiswahili ina haja gani na bastola za Wamarekani. Jibu la kwanza ni la kilugha. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, ukaacha mlango wazi kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo katika bonde la Kongo kujaza kwa mkono kuliendelea kwa nguvu ya sheria, ilhali Marekani kuliendelea kwa hiari ya watu. Ndiyo sababu Kiswahili kina msamiati kamili wa kazi hii: kushindilia, kusubu, kalibu, fataki, mdeki, marisau. Jibu la pili tunaligusa tu. Katika nchi iliyojeruhiwa na silaha kama hii yetu, si vibaya kujua kwa usahihi kitu hicho kinafanya kazi namna gani, badala ya kukiachia hofu na uvumi.

1. Bastola ya kapteni Walker

Samuel Colt alipata hati ya uvumbuzi wa bastola yenye silinda ya kuzunguka mnamo 1836, akafungua kiwanda katika mji wa Paterson, jimbo la New Jersey. Kampuni hiyo ilianguka 1842. Aliyemfufua alikuwa Samuel Walker, kapteni wa wapanda farasi aliyewahi kupigana miongoni mwa askari wa Texas na kuzitumia zile bastola za kwanza. Walker alitaka kubwa zaidi, ya matundu sita badala ya matano, yenye nguvu ya kumwangusha farasi. Mnamo Januari 1847, vita vya Marekani na Meksiko vikiwa vimepamba moto, serikali iliagiza bastola 1,000. Colt hakuwa tena na kiwanda, akazitengenezea katika karakana ya Eli Whitney Mdogo huko Connecticut.

Bastola hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 2 na zaidi kidogo, na mtutu wa sentimita 23. Kila tundu la silinda yake lilipokea hadi greni 60 za baruti nyeusi, yaani karibu gramu 4, zaidi ya maradufu ya kiasi cha bastola nyingi za zama zile. Hapakuwa na ganda. Mpigaji alimimina baruti katika tundu kwa mbele, akaweka risasi juu yake, akaisindika kwa wenzo uliofungwa chini ya mtutu, kisha akavisha fataki nyuma ya kila tundu. Kwa maneno ya kwetu tungesema lilikuwa gobore lenye matundu sita, na ule wenzo ndio mdeki wake.

Wenzo huo ndio uliotangulia kuonyesha taabu ya msukumo wa kurudi nyuma. Kila mara bastola ilipolia, mshtuko uliufyatua wenzo kutoka mahali pake. Ukaanguka, ncha yake ikaingia katika silinda na kuizuia isizunguke. Watu waliufunga kwa ukanda wa ngozi. Baya zaidi lilikuwa la silinda zenyewe. Nyingi zilipasuka. Chuma cha siku zile hakikuwa sawa kila mahali, matundu yalikuwa marefu mno kwa unene wa kuta zake, na askari wengine walijaza baruti hadi ukingoni, au waliingiza risasi zenye ncha kinyumenyume, ncha ikitazama baruti, hata nafasi ya baruti ikabadilika. Ikashauriwa kupunguza kiasi hadi greni 50. Bastola zilizofuata, kuanzia 1848, zilifupishwa silinda ili zisiweze hata kwa makusudi kupokea baruti nyingi kama ile.

Tuzingatie jambo hilo, kwa kuwa litarudi mara kwa mara katika historia hii. Onyo la maneno halikutosha. Kiwanda kililiandika katika chuma. Urefu wa tundu ukawa ndio sheria. Walker mwenyewe hakuyaona mabadiliko hayo. Aliuawa Huamantla, nchini Meksiko, Oktoba 1847.

2. Ganda, fataki na baruti mpya

Ganda la metali lilibadilisha kila kitu, ila halikukomesha kujaza kwa mkono kama mtu angedhani. Bastola ya Colt ya 1873, iliyochaguliwa na jeshi la Marekani, ilitumia ganda la .45 lililoundwa kwa greni 40 za baruti nyeusi. Kiasi hicho kilionekana kikali kwa askari wa kawaida, na jeshi halikukawia kukipunguza hadi karibu na greni 30. Hapa pana funzo dogo kwa wale wanaodhani kwamba majeshi hutafuta nguvu siku zote: jeshi lilitafuta askari atakayepiga mara ya pili bila kuogopa bastola yake mwenyewe.

Raia waliokaa mbali na maduka walikuwa na hesabu nyingine. Katika risasi nzima, ganda la shaba ndilo la thamani. Baruti huungua, risasi huenda, fataki hufa, lakini ganda hubaki mkononi. Mwindaji aliokota maganda yake, akang'oa fataki iliyokufa, akatia mpya, akapima baruti, akasubu risasi katika kalibu, kisha akalikaza ganda. Mnamo 1884 John Barlow alianzisha katika mji wa New Haven kampuni iliyoitwa Ideal, iliyouza chombo kidogo mfano wa koleo chenye kufanya karibu kazi zote hizo. Kiliingia mfukoni. Kampuni ya Lyman iliinunua Ideal mwaka 1925.

Kuna bahati moja iliyowasaidia Wamarekani ambayo mara nyingi husahauliwa. Karibu na 1866 wavumbuzi wawili walitengeneza fataki za ganda kila mmoja kwa njia yake. Ya Hiram Berdan, Mmarekani, iliacha tundumbili dogo mno ndani ya ganda pamoja na kinundu katikati. Ya Edward Boxer, Mwingereza, iliacha tundu moja la katikati. Fataki ya Boxer yaweza kutolewa kwa kusukuma sindano moja toka ndani. Ya Berdan haitoki ila kwa kukwanguliwa kwa ufundi. Ajabu ni kwamba Ulaya iliifuata ya Mmarekani, na Marekani ikaifuata ya Mwingereza. Kwa hiyo huko Marekani ganda lilikubali kujazwa tena kwa urahisi, na desturi ya kujaza nyumbani ikastawi. Penye maganda ya Berdan aghalabu yalitupwa. Historia ya mazoea makubwa ya watu huamuliwa pengine na tundu lenye upana wa punje ya mtama.

Badiliko la pili lilikuwa la baruti yenyewe, nalo ndilo zito. Mwaka 1884 Paul Vieille, mkemia Mfaransa, alitengeneza baruti isiyo na moshi. Baruti nyeusi ilikuwa na adabu fulani: ilijaza ganda. Mtu asiye na mizani aliweza kulijaza hadi mahali pa risasi, na ikiwa ganda lilikuwa la bastola yake, hakuwa na nafasi ya kutia mara mbili. Ganda lilikuwa ndilo kipimo. Baruti mpya ina nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Kiasi kamili chaweza kukaa chini ya ganda kana kwamba ganda ni tupu. Mtu aliyesahauliwa na usingizi kidogo, au aliyeitwa na mgeni mlangoni, anaweza kurudi na kumimina kiasi cha pili juu ya cha kwanza, na jicho lake lisigundue. Tangu hapo kiasi hakikuonekana tena kwa macho. Kilihamia katika mizani na katika tabia ya mpimaji. Wajazaji wenye hadhari walianza kuchagua baruti ambayo kiasi chake hufurika kikirudiwa, au kuyapanga maganda yote katika ubao wenye matundu na kuyamulika kwa taa moja baada ya jingine kabla ya kuyaziba.

3. Elmer Keith

Bastola zenye nguvu za karne ya 20 zilitokana kwa sehemu kubwa na ukaidi wa mtu mmoja ambaye hakuwa mhandisi. Elmer Keith alizaliwa Missouri mwaka 1899, akakulia Montana. Akiwa mtoto aliungua vibaya katika moto wa nyumba ya wageni huko Missoula, na mkono wake wa kushoto ukabaki na ulemavu kwa muda mrefu. Alichunga ng'ombe, aliongoza wawindaji milimani, hatimaye akakaa Salmon, jimbo la Idaho. Aliandika kama mzee anayesimulia penye moto, kwa kujiamini kupita kiasi, na baadhi ya masimulizi yake juu ya shabaha za mbali yaliwagawa wasomaji hata baada ya kifo chake. Ila juu ya maganda na baruti alikuwa mwangalifu zaidi kuliko sifa yake.

Uangalifu huo aliupata kwa hasara. Siku ya sikukuu ya uhuru wa Marekani, tarehe 4 Julai 1925, alikuwa akipiga hewani bastola yake ya Colt ya .45, aliyoijazia baruti nyeusi na risasi nzito zilizokusudiwa bunduki ndefu. Sehemu ya juu ya silinda iliruka pamoja na ukanda wa chuma ulio juu yake. Yeye alisalimika. Aliandika habari hiyo kwa jarida la American Rifleman, nalo likamfungulia njia ya uandishi.

Somo alilolitoa humo lilikuwa la hesabu ya sehemu za milimita. Silinda za Colt za .45 na za .44 zilikuwa na kipenyo kimoja kwa nje. Tundu la .45 likiwa pana zaidi, ukuta uliobaki kati ya tundu na nje ulikuwa mwembamba, na mwembamba zaidi pale palipochongwa tundu la kushikia silinda. Tundu la .44 liliacha chuma zaidi. Keith akahamia ganda liitwalo .44 Special, lililotolewa na kampuni ya Smith & Wesson karibu na 1907, ambalo viwanda viliuza likiwa na kiasi kidogo cha upole. Yeye aliona kwamba ganda hilo na chuma kilicholizunguka viliweza kuhimili mengi zaidi ya yale waliyopewa.

Kisha akabuni risasi yake mwenyewe. Ilikuwa na uzito wa greni 250, karibu gramu 16, na uso bapa mpana badala ya mviringo. Ilikuwa na pete pana za kuifanya ikae sawasawa katika mtutu, mfuo wa mraba wa kutia mafuta, na mfuo mwingine wa kukazia mdomo wa ganda. Kalibu yake iliuzwa na Lyman, na hadi leo wajazaji huitaja risasi ya umbo hilo kwa jina la Keith. Kwa msaada wa Harold Croft wa Pennsylvania, aliyepanda gari moshi kwenda kumtembelea akiwa na mabegi ya bastola, alitengenezewa ile aliyoiita namba 5, iliyomalizika mwishoni mwa miaka ya 1920. Mpini wake ulitungwa kwa kuunganisha sehemu za mipini ya aina mbili ili ukae mkononi vizuri zaidi wakati wa mshtuko. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilitokea baruti ya kampuni ya Hercules iliyoitwa 2400, iunguayo polepole kuliko baruti nyingine za bastola. Shinikizo lake hupanda taratibu na kudumu muda mrefu zaidi nyuma ya risasi. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

Kwa miaka kama 25 Keith aliandika, akashawishi, akaomba viwanda vitengeneze kwa ajili ya umma kile yeye na wenzake walichokuwa wakikijaza nyumbani. Viwanda viliogopa, na hofu yao haikuwa ya ujinga. Bastola za kale za .44 zilikuwa zimetapakaa nchini, baadhi zikiwa za chuma hafifu. Risasi kali ya ganda lilelile ingeingia katika zote, na mnunuzi dukani hasomi makala za majarida.

Ufumbuzi ulikuwa umekwisha kupatikana mwaka 1935, katika ganda la .357 Magnum ambalo Phil Sharpe na Douglas Wesson walishiriki kulileta. Ganda hilo ni lile la .38 Special lililorefushwa kwa takriban milimita 3. Si kwa ajili ya kupata nafasi ya baruti, nafasi ilikuwapo. Lilirefushwa ili lisiingie katika bastola dhaifu. Mnamo 1955 Smith & Wesson pamoja na Remington walifanya vivyo hivyo kwa .44: ganda jipya, refu kwa milimita 3 na ushei, likaitwa .44 Magnum. Bastola ya kwanza ilikamilika Desemba mwaka huo. Kampuni ya Ruger ilitoa yake mwaka 1956, na husimuliwa kwamba ilipata habari za siri hiyo kupitia ganda lililookotwa katika vyuma chakavu.

Tunafika hapa penye kejeli ambayo wasifu wengi wa Keith huipita upesi. Yeye alikuwa ameomba risasi ya greni 250 itoke kwa mwendo wa futi 1,200 kwa sekunde, yaani kama mita 366. Kiwanda kilitoa risasi ya greni 240 iliyokwenda kwa futi zaidi ya 1,400, takriban mita 430. Mtu wa nyumbani, aliyeshutumiwa kwa miaka mingi kuwa mpenda nguvu kupita kiasi, alizidiwa na wahandisi waliokuwa wakimwonya. Wengi walionunua bastola hiyo hawakuiweza. Kuna kisa kinachosimuliwa sana miongoni mwa wauza silaha wa Marekani: bastola ya .44 iliyotumika kidogo ikiuzwa tena pamoja na sanduku lake la risasi 50, na ukihesabu zilizosalia utakuta 44. Mwenyewe alijaza silinda mara moja tu.

4. Mkono

Wenzetu wa fizikia huita jambo hili kwa Kifaransa recul. Kiswahili sanifu hakijakubaliana juu ya neno moja. Sisi tumetumia msukumo wa kurudi nyuma, ambao ni mrefu lakini haudanganyi, kwa sababu silaha hurudi kwa kani ileile iliyoipeleka risasi mbele. Tuchukue bastola ya .44 Magnum yenye uzito wa kilo 1 na gramu 330. Risasi ya gramu 15 na nusu inayotoka kwa mita 430 kwa sekunde, pamoja na gesi zinazoifuata, huisukuma bastola hiyo nyuma kwa mwendo wa mita 5 hadi 6 kwa sekunde. Bastola ya .38 ya polisi wa zamani, yenye uzito wa kilo moja, hurudi kwa mita 2 na nusu hivi. Mtu atasema ni zaidi kidogo ya maradufu. Lakini nishati hupanda kwa mraba wa mwendo, na bastola nzito hurudi na uzito wake wote. Ukipiga hesabu, mkono hupokea kiasi cha mara sita au saba.

Mbinu za kuumudu msukumo huo ni chache, na zote zilijulikana mapema. Uzito ni wa kwanza, kama Walker alivyojua. Wa pili ni umbo la mpini. Mpini wa Colt ya 1873 umepinda kama mshikio wa plau na hauna kinundu juu. Bastola ikilia hujiviringisha kiganjani na mtutu huinuka juu, kwa hiyo sehemu ya msukumo hugeuka kuwa mzunguko. Mpini wa Smith & Wesson una kinundu kinachozuia mkono usipande; hilo ni jema kwa shabaha ya haraka, bali kwa kiasi kikali kinundu hicho hugonga pale baina ya kidole gumba na cha shahada, na baada ya mipigo kadhaa ngozi huchubuka. Keith alipendelea ule wa kwanza kwa sababu hiyo. Baadaye ilikuja mipini ya mpira, na matundu yaliyokatwa karibu na mdomo wa mtutu ili gesi zitoke juu na kuukandamiza chini. Yanasaidia, ila kelele huongezeka.

Lililo adimu katika vitabu vya jumla, na ambalo mjazaji wa nyumbani hulijua siku ya kwanza, ni kwamba msukumo haumpigi mpigaji peke yake. Hupiga pia risasi tano ambazo hazijalia. Bastola inaporuka nyuma, maganda yaliyomo katika silinda huenda nayo, kwa kuwa yameshikwa ukingoni. Risasi iliyo mdomoni mwa ganda, kwa uzito wake, hutaka kubaki ilipokuwa. Ikiwa ganda halikukazwa vema, risasi huchomoka kidogo kidogo kwa kila mpigo. Baada ya mipigo mitatu au minne ncha yake hutokeza mbele ya silinda na kugonga fremu, na silinda haizunguki tena. Silaha imekwama kwa sababu ya risasi ambayo bado haijatumika. Ndiyo maana ya ule mfuo wa pili katika risasi ya Keith: mdomo wa ganda hukunjwa ndani yake na kuishika. Kadiri bastola inavyokuwa nyepesi, ndivyo kukaza huko kunavyohitajika zaidi. Mjazaji mwangalifu hufanya jaribio rahisi: hupima urefu wa risasi moja, huiacha ya mwisho katika silinda, hupiga tano nyingine, kisha huitoa na kuipima tena.

Msomaji atakumbuka wenzo wa bastola ya Walker uliokuwa ukianguka. Ni tatizo lilelile limevaa nguo nyingine: mshtuko wa mpigo mmoja unazuia mpigo unaofuata.

Kuna jeraha jingine lisilo na damu. Mtu aliyepigwa na bastola kali mara kadhaa huanza kuufumba mkono na jicho kabla mlio haujatoka, na risasi huenda chini ya shabaha. Waalimu wa Marekani hulitibu kwa kuchanganya maganda matupu na yaliyojaa bila mwanafunzi kujua. Kinyundo kikianguka juu ya ganda tupu, mtutu ukitikisika, siri hufichuka. Kwa tatizo hilo wale waliojaza nyumbani walikuwa na dawa ambayo mnunuzi wa dukani hakuwa nayo kwa miaka mingi. Walipunguza. Katika ganda refu la .44 Magnum walitia kiasi cha kadiri ya kile cha .44 Special, wakapiga mamia kwa wiki bila kuumia, na kuongeza polepole kadiri mkono ulivyozoea.

5. Baada ya 1971

Filamu Dirty Harry iliyotoka 1971, ambamo Clint Eastwood anabeba .44 Magnum, iliifanya bastola hiyo kutafutwa na watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Keith. Sifa iliyotangazwa hapo ilikuwa ya nguvu; wanunuzi wapya wakajifunza juu ya msukumo kwa namna ile ya sanduku lenye risasi 44. Kwa maoni yetu, tangu hapo kujaza kwa mkono kuligeuka mwelekeo. Kizazi cha Keith kilijaza nyumbani ili kupata nguvu iliyokataliwa na viwanda. Waliofuata walizikuta nguvu tele dukani, wakajaza nyumbani ili kupata upole, na kuokoa fedha pia.

Si wote. Dick Casull na Jack Fulmer walikuwa wakifanya majaribio tangu miaka ya 1950 kwa ganda la .45 lililorefushwa, silinda wakiifanya ya matundu matano ili kuta ziwe nene. Mnamo 1983 kampuni ya Freedom Arms ilianza kuuza bastola ya .454 Casull iliyotokana na kazi yao. Ugomvi ulikuwa uleule wa 1925, kiasi gani cha chuma kinabaki kati ya tundu na tundu, na jibu lao lilikuwa la kupunguza tundu moja. Mwaka 2003 Smith & Wesson wakatoa .500, nayo ya matundu matano. Yenye mtutu wa inchi 8 na robo tatu ya nusu, kama wanavyohesabu wenyewe, ina uzito wa kilo 2 na zaidi kidogo, karibu sawasawa na ile iliyoagizwa kwa vita vya Meksiko miaka 156 kabla yake, ingawa chuma cha sasa ni pua iliyotiwa moto kwa utaratibu na kupimwa maabarani. Mdomoni mwa mtutu pana kifaa cha kugeuza gesi. Hata hivyo zilisikika habari za wapigaji ambao, bastola iliporuka, vidole vyao vilivuta kifyatulio mara ya pili bila kukusudia, mtutu ukiwa umekwisha kuelekea juu.

Kwa ganda hilo viwanda vyenyewe huuza leo risasi za vipimo mbalimbali, kuanzia zilizo nyepesi hadi zilizo nzito mno, na vitabu vya wajazaji huchapisha kwa kila baruti kiasi cha kuanzia na kiasi kisichopaswa kuvukwa. Desturi iliyoenea miongoni mwao ni kuanza na kile cha chini, kupiga chache, kutazama fataki kama imebapa na ganda kama linatoka kwa shida, kisha ndipo kuongeza chembe chache.